Sauti ya Anayeitikia

Msikilizaji wa Kiswahili hanyamazi. Mwenzake akisimulia, yeye huitikia: ee, mh, naam, kumbe, enhe. Habari ikiwa nzito huvuta pumzi, ikimkera husonya. Mtu akikaa kimya kwenye simu, hazipiti sekunde nyingi kabla hujamuuliza, "Upo?" Mazungumzo yetu hubebwa na pande mbili kwa pamoja, na asiyesema ana kazi yake. Filamu ikiipoteza miitikio hiyo, watu wake hubaki wakipokezana sentensi, na mtazamaji huhisi kuna kitu kimepungua hata kama hawezi kukitaja.

Ipo kazi inayoirudisha miitikio hiyo, nami nataka kuisifu. Hufanywa baada ya mhariri wa picha kumaliza na kabla mhariri wa mazungumzo hajaanza kusafisha, na jina la anayeifanya aghalabu halimo kwenye majina yanayopanda mwishoni mwa filamu. Mtu huyu huchukua sauti zilizorekodiwa lokesheni, kila maiki katika njia yake, akazioanisha na picha iliyokwisha kufungwa, yaani picha ambayo muongozaji na mtayarishaji wamekubaliana kwamba haikatwi tena.

Haja yenyewe huanzia lokesheni. Fundi sauti ana maiki ya fimbo juu ya vichwa vya waigizaji, na maiki nyingine ndogo zimefichwa ndani ya nguo, kila mwigizaji na yake. Zote huingia kwenye kinasa sauti zikiwa zimetengana. Papo hapo, kwa vidole vyake, fundi hutengeneza mchanganyiko mmoja wa kumsaidia muongozaji kusikia na mhariri kukata: anayesema hupandishwa, anayesikiliza hushushwa. Na ni haki amshushe, maana maiki ya msikilizaji huleta mchakacho wa kanga, upepo, na pikipiki ya barabarani. Basi mhariri hukaa miezi na mazungumzo ambayo nusu yake imezimwa. Ile nusu haijapotea. Imo kwenye diski, salama, katika njia yake, ila hakuna aliyekwisha kuiweka kando ya picha.

Aliyepigania mapema kuliko wengi kwamba wote wasikike ni muongozaji Robert Altman wa Marekani. Katika miaka ya 1960 aliondolewa kwenye filamu ya Countdown, na mwenyewe alisimulia kwamba kosa lake machoni pa Jack Warner, mkuu wa studio, lilikuwa kuwaacha waigizaji waseme kwa wakati mmoja. Mwaka 1971 alipotoa McCabe & Mrs. Miller, watu walilalamika kwamba maneno hayasikiki vizuri. Hakurudi nyuma. Katika California Split ya 1974 na Nashville ya 1975, fundi wake Jim Webb aliwavisha waigizaji maiki zisizo na waya na kurekodi kwa mashine ya njia nane. Nashville ina wahusika wakuu 24. Wanakatizana uwanja wa ndege, wanakatizana kwenye msongamano wa magari, na sikio lako linamchagua mmoja, linamwacha, linamrudia. Uamuzi wa nani asikike haukufanywa tena mbele ya kamera. Uliahirishwa hadi chumba cha kuchanganyia. Ninaamini hapo ndipo sinema ya Marekani ilipojifunza kusikiliza kundi la watu, na ninaamini pia kwamba sifa hiyo imekwenda kwa muongozaji peke yake isivyo haki. Uamuzi ukiahirishwa, kuna mtu anayeachiwa hesabu. Zamani zile sauti zilihamishiwa kwenye mkanda wa sumaku wenye matundu, wa milimita 35, na namba zilizopigwa chapa ukingoni ndizo zilizoonyesha kipande kipi cha sauti kinakwenda na kipande kipi cha picha. Njia zikiongezeka, na mikanda huongezeka.

Siku hizi namba zimehamia ndani ya faili. Mwaka 1997 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa muundo wa Broadcast Wave, ambao mwanzoni mwa kila faili huandika ni sampuli ngapi, yaani vipimo vidogo vya sauti, zimepita tangu saa sita usiku hadi kurekodi kulipoanza. Kinasa sauti cha filamu kwa kawaida huchukua sampuli 48,000 kila sekunde. Kwa hiyo faili lililoanza saa nne kamili asubuhi limebeba namba 1,728,000,000. Picha ikienda kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ina sampuli 1,920 za sauti. Hesabu hizi huzitazami kila siku, lakini ndizo zinazokuwezesha kumwambia mtu kwa uhakika kwamba pumzi hii ni ya mkato huu.

Mhariri wa picha hukuletea orodha ya mikato. Kila mstari unasema: faili fulani, kutoka taimukodi hii hadi ile, yaani saa iliyoandikwa ndani ya faili, limewekwa hapa kwenye filamu. Filamu ndefu huwa na mamia ya mistari hiyo, mara nyingi zaidi ya elfu. Programu huisoma orodha, hutafuta kwenye folda za kila siku, hulifungua faili la asili, hukata njia zake zote mahali palepale na kuziacha na mikia, sekunde kadhaa za ziada kila upande, ili mhariri wa mazungumzo apate pa kuunganishia. Kompyuta hulimaliza hilo kwa muda wa kunywa chai.

Ufundi huanzia pale kompyuta inapokwama. Mhariri amesogeza sauti fremu tatu ili neno likae mdomoni. Amelitoa neno moja kwenye jaribio la tatu akalipachika kwenye jaribio la tano, kwa sababu mwigizaji alilisema vizuri zaidi. Faili limebadilishwa jina njiani. Siku mbili tofauti zina saa ileile, na programu imeleta faili la Jumanne badala ya la Alhamisi. Halafu zipo saa zenyewe: ile ya kamera na ile ya kinasa sauti hazitembei sawasawa daima. Saa inayokosea sehemu 10 tu katika milioni, baada ya saa 8 za kazi imepotoka karibu sekunde 0.29, yaani zaidi ya fremu 7. Ndiyo maana mafundi makini huzilinganisha upya baada ya chakula cha mchana, na ndiyo maana kibao bado kinapigwa mbele ya kamera.

Uthibitisho ninaoupenda kuliko wote ni huu. Unachukua mchanganyiko aliokatia mhariri, unauweka juu ya njia ya asili uliyoileta, unaligeuza wimbi la mmoja juu-chini, kisha unacheza vyote viwili kwa kiwango kimoja. Pale ambapo maiki moja tu ilikuwa wazi, sauti zikiwa mahali pake hasa, hufutana: mtu anafungua mdomo kwenye skrini na spika hazitoi kitu. Zikipishana hata sampuli moja, herufi kali hubaki, s na sh na ch, zikichachatika peke yake bila mwenyewe. Unasogeza kidogo, unasikiliza, unasogeza tena, mpaka zinapotea. Sijui kazi nyingine ambamo kutosikia kitu ndiko kunakokuambia umefika.

Kuna jambo moja ambalo mafundi hawakubaliani. Maiki ya fimbo ikiwa mita moja kutoka mdomoni na ile ya kifuani sentimita 30, sauti huifikia ya fimbo ikiwa imechelewa kama milisekunde 2, karibu sampuli 100. Ukizicheza pamoja sauti hukonda. Wapo wanaozisogeza mapema zikutane. Mimi ni wa wale wanaoziacha kama zilivyorekodiwa, kwa kuwa ule umbali ni sehemu ya chumba, na mwenye haki ya kuufuta ni mhariri wa mazungumzo, atakapokuwa ameamua maiki ipi inazungumza.

Vilevile mimi huleta njia ambazo hazikuombwa na mtu. Kama maiki ya mtu aliyekaa nje ya fremu ilikuwa wazi, nayo huiweka mahali pake. Ni kazi ya ziada, na watayarishaji wenye haraka huiona ya bure, hasa kwa kuwa picha iliyofungwa hufunguliwa tena, muongozaji akatoa onyesho zima, na yote yakahitaji kupangwa upya kwa orodha mpya. Bado sikubali kuiacha.

Katika filamu moja niliyoifanyia kazi kuna onyesho la posa. Mshenga, mzee wa makamo, amekaa barazani na anazunguka kwa maneno: sisi tumetumwa, na mjumbe hauawi. Kamera inamtazama yeye tu. Shangazi wa binti yuko upande wa pili, anaonekana bega na mkono wenye kikombe. Kwenye mchanganyiko wa mhariri alikuwa kimya mwanzo hadi mwisho. Mzee anataja mahari, shangazi hasemi, kisha mkato. Onyesho lilikuwa sahihi na lilikuwa limelala.

Nilipoiweka njia ya shangazi kando ya picha, nilimsikia akiitikia kila kituo. Ee. Ee, baba. Mh. Naam. Kikombe kikagusa kisahani, ee tena, ya chini zaidi. Mahari ikatajwa, akavuta pumzi, na hapo ndipo akaacha kuitikia. Ule ukimya wa mwisho ndio onyesho lenyewe, na kwenye mchanganyiko wa mhariri usingeweza kusikika, kwa sababu hapakuwa na sauti iliyoutangulia. Mwigizaji alikuwa ameyaigiza yote siku ile, nje ya kamera, kwa heshima ya mwenzake aliyekuwa mbele ya lenzi.

Mhariri wa mazungumzo alizima miitikio iliyochafuliwa na kanga, akabakisha michache na ile pumzi. Katika chumba cha kuchanganyia muongozaji aliomba onyesho lirudiwe, akauliza shangazi aliitwa lini studioni kurekodi upya. Akaambiwa hakuitwa, hii ni maiki yake ya siku ileile, saa tano kasorobo asubuhi. Muziki uliokuwa umepangwa kuingia mahari inapotajwa ukasogezwa hadi mkato unaofuata.