Kidole Kisichoapa

Daktari wa meno husifiwa kwa jino lililong'oka bila maumivu. Mimi namsifu kwa kazi ya dakika chache: kidole kimoja ndani ya shavu, kingine nje, na katikati uvimbe unaobonyezwa taratibu.

Lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, ni wa kawaida mgongoni na mabegani. Kinywani ni nadra. Hukua polepole, hauumi, na huwapata zaidi waliovuka miaka 40. Mfugaji wa ngamia kutoka Hulugho au Modogashe, huko Garissa, aweza kukaa nao miaka mingi, kwa kuwa haumzuii kunywa maziwa yake. Tena Garissa shavu lililotuna si ajabu. Watafunaji wa miraa wamelizoesha jicho. Mfugaji huyo hufika hospitali pale meno yanapoanza kuung'ata.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Daktari hutazama rangi: umanjano chini ya ngozi nyembamba. Hubonyeza: ni laini, unateleza chini ya kidole. Lakini kifuko cha mate nacho ni laini. Uvimbe wa tezi ya mate huweza kudanganya. Na ipo saratani ya mafuta, adimu zaidi, inayoweza kuja na sura ileile. Daktari mzuri hutaja anachokidhania, ila haapi.

Hutia ganzi, hupasua kidogo, huutoa mzima, huutia kwenye chupa ya fomalini. Nyama nyingi huzama, mafuta huelea. Naipenda sana hatua hii, mwili unapojieleza wenyewe. Hata hivyo kuelea si hukumu. Mwanapatholojia hukata vipande vyembamba na kuvitia rangi, kisha darubini humwonyesha seli zilizobanana kama mapovu: zinaonekana tupu kwa sababu mafuta yameyeyushwa na dawa za maabara, na kiini cha kila moja kimesukumwa ukingoni. Zikiwa zimekomaa na kufanana, hofu imekwisha.

Chupa ikilazimika kutoka Garissa kwenda Nairobi, ni kilomita zipatazo 370, na mto Tana ukifurika barabara ya Madogo hukatika. Fomalini huitunza nyama isioze. Mgonjwa anayengoja hana kinachomtunza ila neno la daktari wake.

Kwa hiyo nawasihi madaktari wetu: msitupe kipande chochote mlichokitoa kinywani, hata kiwe cha kawaida namna gani machoni penu. Nawe msomaji, uvimbe ukikaa kinywani zaidi ya wiki tatu, uume usiume, nenda ukaonwe.