Ukanda wa Moshi Mchache: Manufaa na Insafu Yake

Sisi tukaao Nangara, katika mji wa Babati, ambako njia itokayo Arusha hugawanyika, moja ikashika Singida na nyingine Dodoma, twajua vyema ya kuwa moshi mweusi wa lori lipandishalo mlima haumchagui mwenye gari na asiye nalo. Kwa hiyo kadhia ya miji inayoyatoza magari yenye moshi mwingi, ijapokuwa kwetu yaonekana ya mbali, yastahili kupimwa kwa maswali mawili: je, ina manufaa, na je, ina insafu?

Mfano ulio bayana ni wa London, ambako ukanda wa kuyatoza magari hayo ulianza katikati ya jiji Aprili 2019, ukapanuliwa Oktoba 2021, na tarehe 29 Agosti 2023 ukaenea jiji zima. Hapana kizuizi njiani wala askari wa kusimamisha watu: kamera husoma namba ya gari, namba ikalinganishwa na daftari la magari, na likiwa ni la petroli lisilofikia kiwango cha 4 cha Ulaya cha usafi wa moshi, au la dizeli lisilofikia cha 6, mwenyewe hudaiwa pauni 12.50 kwa kila siku aliyoliendesha humo, na asipolipa hutozwa faini ya pauni 180.

Ama manufaa yake, wataalamu wa Imperial College walitangaza mwaka 2021 kwamba katika majuma ya mwanzo gesi ya nitrojeni dayoksaidi ilipungua kwa chini ya asilimia 3, hali taarifa ya jiji lenyewe ya mwaka 2025 ilisema kwamba kandokando ya barabara gesi hiyo ilikuwa chini kwa asilimia 27 kuliko ambavyo ingalikuwa lau ukanda usingaliwekwa. Hesabu hizi hazipingani, kwani ya kwanza yapima siku za kuanza tu, na ya pili yahesabu pia wale waliobadili magari yao mapema, walipokwisha kusikia tangazo: mwaka 2017 magari yaliyotimiza kiwango katikati ya jiji yalikuwa asilimia 39 tu, na kufikia 2024, katika jiji zima, yalizidi asilimia 96. Taathira kubwa, basi, yaelekea ilitokana zaidi na ilani iliyotangulia kuliko tozo iliyofuata.

Ama insafu, aghalabu fukara ndiye akaaye kando ya barabara kuu, na ndiye asiye na gari. Walakini fundi mwenye gari kuukuu hulipa pauni zile zile alipazo tajiri. Jiji lilitenga fidia ya kuwasaidia watu kuyaacha magari yao, lakini mlango wa fidia ulifunguliwa kwa kila mkazi tarehe 21 Agosti 2023, siku 8 tu kabla ya ukanda kuenea. Na msaada uliochelewa hivyo ni nusu ya msaada.

Kwetu Tanzania, Dar es Salaam ilizizuia bodaboda na bajaji kuingia katikati ya jiji mwaka 2014, kwa sababu ya msongamano na ajali wala si kwa moshi, na mabasi yaendayo kasi yakaanza mwaka 2016. Yaani marufuku ilitangulia, na usafiri wa badala ukafuata, na katika miaka hiyo taklifu ilimwelemea kijana aliyekuwa akiishi kwa pikipiki.

Fauka ya hayo, gari lifukuzwalo mji mmoja huenda kwingine: kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyokwisha kutumika milioni 14 yaliuzwa nje na nchi tajiri, na asilimia 40 yakaja Afrika. Kenya huyakataa yaliyozidi miaka 8. Sisi huyaongezea ushuru.

Hukumu yangu ni hii: ukanda wafaa, lakini huwa dhulma utozapo kabla ya kutoa badala. Nawasihi viongozi wa Babati, siku watakapotaka kuyaondoa malori na magari makuukuu mjini, waanze na njia ya kuyapitisha kando na usafiri wa umma ulio nafuu, kisha watoe ilani ya muda mrefu, na tozo waiweke mwisho.