Sauti Mbili za Koo Moja: Baba, Mwana na Ukimya katika Utunzi wa Cat Stevens/Yusuf Islam

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya utunzi ya mwimbaji wa Uingereza aliyevuma kwa jina la Cat Stevens na ambaye tangu 1978 anaitwa Yusuf Islam. Safari hiyo huelezwa kwa kawaida kama vipande viwili, kabla na baada ya kusilimu, na kila msikilizaji huchagua kipande chake. Makala yanadai kwamba nyimbo zenyewe haziungi mkono mgawanyo huo. Kwa kuusoma wimbo "Father and Son" wa 1970 pamoja na urejeshi wake wa 2020, na kwa kuulinganisha na mapokeo ya Kiswahili ya wasia, majibizano na utenzi wa Yusufu, yanaonesha kuwa swali la nani anazungumza na nani anasikiliza ndilo linalouunganisha utunzi wake wote, ukimya wake ukiwemo.

1.0 Utangulizi

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anaweza kumfikia msanii huyu kwa njia mbili zisizokutana. Njia ya kwanza ni ya santuri na redio: nyimbo za roki laini za mwanzoni mwa miaka ya 1970, gitaa likitangulia na sauti ikifuata bila haraka, kama vile "Wild World", "Peace Train" na "Morning Has Broken". Njia ya pili ni ya kaswida. "Tala'a al-Badru 'Alayna", inayoimbwa katika maulidi na madrasa za pwani yetu, imo pia katika rekodi yake ya 1995 kuhusu maisha ya Mtume. Anayempenda kwa njia ya kwanza huiona miaka iliyofuata 1978 kuwa hasara. Anayempenda kwa njia ya pili huiona miaka iliyotangulia kuwa ujinga uliosamehewa. Kwa namna hiyo, hakuna kati yao anayelazimika kumsikiliza mtu mzima.

Ushahidi dhidi ya mgawanyo huo unaanza mapema. "Morning Has Broken", iliyotoka katika albamu ya Teaser and the Firecat ya 1971, ilikuwa tayari utenzi wa kanisani. Maneno yake yaliandikwa na Eleanor Farjeon na kuchapishwa 1931, yakiimbwa kwa lahani ya zamani ya Uskoti. Mwaka mmoja kabla, "On the Road to Find Out" ilikuwa imemsawiri msafiri anayetoka nyumbani kutafuta jibu na kuambiwa kuwa jibu limo ndani yake. Mwimbaji aliyekuja kuacha jukwaa kwa ajili ya ibada alikuwa ameshaanza kuimba ibada kabla hajaijua dini yake. Hata hivyo, wimbo unaoifumbata safari nzima si wa dini. Ni wimbo wa ugomvi wa nyumbani.

2.0 Wimbo usio na hakimu

Steven Demetre Georgiou alizaliwa London mwaka 1948, baba akiwa Mgiriki wa Kupro na mama Mswidi, akakulia ghorofani juu ya mkahawa wa wazazi wake. Mapema 1967 wimbo "Matthew and Son" ulifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza. Muda mfupi baadaye aliugua kifua kikuu, akalazwa kwa miezi kadhaa. Aliyetoka hospitalini alikuwa mtunzi mwingine: ala zilikuwa zimepungua, na maswali yalikuwa yameongezeka. Mwaka 1970 zilitoka albamu mbili, Mona Bone Jakon na Tea for the Tillerman. "Father and Son" imo katika ya pili.

Wimbo huo ulianza kama sehemu ya tamthilia ya muziki kuhusu Mapinduzi ya Urusi, iliyoitwa Revolussia na ambayo haikukamilika. Kijana wa shamba anataka kwenda kujiunga na mapinduzi. Baba anataka abaki. Tamthilia ilipoachwa, mapinduzi yaliondoka na ugomvi ukabaki bila tarehe wala nchi. Mtunzi amewahi kueleza kuwa baba wa wimbo si baba yake mzazi, ambaye alimwacha afanye apendavyo. Kwa hiyo tusitafute humo wasifu. Tutafute ufundi wa kugawa sauti.

Katika rekodi ya 1970 mwimbaji mmoja anabeba nafsineni mbili. Baba anaimbwa kwa sauti ya chini, tulivu. Mwana kwa sauti ya juu, yenye mkazo. Jambo la kwanza la kuzingatia ni haki iliyotendwa. Mtunzi wa miaka 22 angeweza kumfanya mzee kikaragosi. Badala yake amempa busara inayoweza kutetewa: subira, utulivu, ndoa, na ukumbusho kwamba ndoto za leo huenda zisiwepo kesho. Mwana naye amepewa uchungu wa mtu ambaye hajawahi kusikilizwa. Hakuna beti la upatanisho wala kiitikio cha kuwaunganisha. Hakuna pia msimulizi wa kutoa hukumu.

Jambo la pili ni la kisarufi, na halijapewa uzito unaostahili. Baba anamsemesha mwanawe kwa nafsi ya pili. Mwana hamjibu kwa nafsi hiyo. Anamtaja baba kwa nafsi ya tatu umoja, na kuelekea mwisho kwa nafsi ya tatu wingi, kana kwamba baba ameyeyuka katika kundi la wakubwa wote. Tungeuweka wimbo huu katika Kiswahili, upatanisho wa vitenzi ungeanika jambo hilo mara moja: upande mmoja ungejaa viambishi u- na ku-, upande wa pili a- na m-, kisha wa-. Maana yake ni kwamba tunachokisikia si mazungumzo. Baba anaongea na mwana. Mwana anaongea nasi. Zamu ya baba inaporudi, anarudia nasaha zake kwa maneno yanayokaribiana na yale ya mwanzo, ishara kwamba hakuna lililomfikia.

Mapokeo yetu yanatusaidia kuona upekee wa umbo hili. Katika Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858, mzazi mgonjwa anamwachia bintiye wasia. Binti yumo ndani ya matini kama msikilizaji, na hatuisikii kauli yake. Katika majibizano ya aina aliyoyatunga Muyaka bin Haji wa Mombasa, kila upande una mshairi wake, naye mpinzani hujibiwa usoni. "Father and Son" ina ukaribu wa wasia na pande mbili za majibizano, lakini pande hizo zinatoka katika koo moja na hazikutani. Ni wasia ambao mwana ameukatiza bila mzazi kutambua kuwa amekatizwa.

3.0 Jina na ukimya

Katikati ya miaka ya 1970, kwa masimulizi yake mwenyewe, mwimbaji alikaribia kuzama baharini huko Malibu, akamwahidi Mungu utumishi iwapo angeokolewa. Baadaye kaka yake alimpa nakala ya Kurani. Alisilimu Desemba 1977, na mwaka uliofuata akachukua jina la Yusuf. Albamu ya Back to Earth ilitoka mwishoni mwa 1978. Baada yake gitaa zake zilinadiwa kwa hisani.

Jina hilo lisipite hivi hivi. Ameeleza mara kadhaa kwamba Sura ya Yusuf ndiyo iliyomgusa, na kwamba katika Yusuf aliyeuzwa sokoni aliona mfano wa msanii katika biashara ya muziki. Kwa hoja yetu kuna jambo jingine. Sura hiyo ni kisa cha baba na mwana, nacho kinaanza pale wimbo wa 1970 uliposhindwa. Mwana ndiye anayefungua kinywa kwanza, akimsimulia baba ndoto yake. Baba anasikiliza, anaamini, kisha ndipo anapotoa nasaha. Kila mmoja anamwita mwenzake kwa jina la udugu wao, yaani nafsi ya pili inakwenda na kurudi. Baadaye wanatenganishwa kwa miaka mingi, baba anapofuka kwa huzuni, na kuona kwake kunarejeshwa na kanzu ya mwanawe.

Waswahili walikitambua kisa hiki zamani. Utenzi wa Yusufu, uliohifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu, ni ushahidi kwamba washairi wetu waliona ndani yake jambo linalostahili kutungwa upya. Mtunzi wa "Father and Son" hakuandika utenzi, lakini alijiita kwa jina la mwana aliyesikilizwa. Kusilimu kwake kunaweza kusomwa, kwa kiwango cha utunzi, kama kuhama kutoka hadithi ya utengano hadi hadithi yenye mwisho mwingine.

Uhamaji huo ulikuwa na gharama. Kwa takriban miaka kumi na saba hakutoa albamu. Alijishughulisha na elimu, ikiwemo shule ya msingi ya Islamia aliyoianzisha London 1983, ambayo 1998 ilipata ruzuku ya serikali. Hata aliporejea kurekodi katika miaka ya 1990, aliegemea sauti na ngoma, akaliacha gitaa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana mvutano huo: suala la ala zipi zinafaa kuandamana na sifa za Mtume, na kama dufu liishie wapi, limejadiliwa katika jamii zetu kwa vizazi.

Ukimya huo haukuwa wa muziki tu. Mwaka 1989, majibu aliyoyatoa alipoulizwa kuhusu hukumu ya kifo iliyotangazwa dhidi ya mwandishi Salman Rushdie yalizua lawama kali, na vituo kadhaa vya redio Marekani viliacha kupiga nyimbo zake. Yeye amesisitiza baadaye kwamba hakuiunga mkono hukumu hiyo. Mhakiki hawezi kulikwepa tukio hili kwa kisingizio kwamba si la kifasihi. Mtunzi ambaye kipaji chake kilikuwa kumpa kila upande maneno yake bora alijikuta mahali ambapo ni sauti moja tu iliyotakiwa, nayo ilimponza. Hakuwa na wimbo wa kulibebea jambo hilo.

Kilichovunja ukimya kilikuja kwa hatua. Vita vya Bosnia vilimwonesha watu waliokuwa wakiimba ili kuihifadhi imani na uhai wao. Kisha mwanawe wa kiume alileta gitaa nyumbani, na baba akalichukua. Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye mwangwi wa ndani zaidi. Katika wimbo wa 1970 mwana anaondoka kwa sababu hakuna analoweza kumletea baba likapokewa. Hapa analeta, na linapokewa. Albamu ya An Other Cup ilitoka 2006, ya kwanza ya mkondo wake wa zamani tangu 1978.

4.0 Urejeshi wa 2020

Katika Tea for the Tillerman 2 ya 2020 albamu nzima ya 1970 ilirekodiwa upya. Katika "Father and Son", beti za baba zinaimbwa na Yusuf wa miaka 72. Beti za mwana zimechukuliwa kutoka rekodi ya onyesho lake la 1970 katika ukumbi wa Troubadour, Los Angeles. Mwimbaji anajibizana na nafsi yake ya miaka hamsini nyuma.

Ni rahisi kuisifu hila hii na kuishia hapo. Tuipime. Kilichopatikana ni kikubwa: baba hahitaji tena kuigizwa. Katika rekodi ya kwanza uzee wake ulikuwa sauti iliyoshushwa kwa makusudi. Sasa ukwaruzo wa koo ni wa umri. Urudiaji wa nasaha nao umebadilika maana. Hapo awali ulikuwa dalili ya asiyesikia. Sasa unasikika kama wa mtu anayejua kuwa hatasikilizwa na bado anasema, kwa kuwa njia anayoionya ameshaipita.

Kilichopotea kinapaswa kutajwa pia. Mwana wa 2020 ni rekodi. Hawezi kupandisha sauti wala kubadilisha neno. Mzee ndiye aliyemchagua, akampangia pa kuanzia na pa kunyamazia. Mwaka 1970 kijana alimtungia mzee maneno kwa haki, na katika rekodi hii mzee ana madaraka yote juu ya kijana. Uziwi umehamia upande wa pili: zamani baba hakumsikia mwana, sasa mwana hawezi kumsikia baba. Kwa hali hiyo urejeshi unakaribia Al-Inkishafi, ambamo mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, kuliko majibizano. Kinachouokoa wimbo usiwe hotuba ya mzee ni uaminifu mmoja: Yusuf hakumnyang'anya kijana neno la mwisho. Mwana bado anaondoka, na bado anamtaja baba kwa nafsi ya tatu, ilhali baba huyo ni yeye mwenyewe.

5.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba kati ya Cat Stevens na Yusuf Islam hakuna ukuta, bali kuna mjadala ambao mtunzi mmoja ameuendesha kwa nusu karne, mara kwa wimbo, mara kwa jina, na mara kwa kunyamaza. Anayetupa kipande kimoja anabaki na upande mmoja wa wimbo ambao thamani yake imo katika kuwa na pande mbili.

Jambo hili linauhusu uhakiki wetu pia. Mgogoro wa ushairi uliopamba moto baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974) unaweza kusomwa kama ugomvi wa baba na mwana, nasi tumeendelea kuuhifadhi katika makundi ya wanamapokeo na wanamabadiliko, kila kundi likilitaja jingine kwa nafsi ya tatu. Ingefaa wahakiki warudi kwenye maandishi ya mgogoro huo wakiuliza swali dogo la kisarufi kabla ya lile kubwa la nadharia: ni wapi ambapo mmoja kati yao alimsemesha mwenzake kwa nafsi ya pili, na ni lipi alilojibiwa?