Studio ya Gemu Hainunuliwi kwa Gemu Moja

Kampuni ya konsoli ikikutuma Kigali kutafuta studio ya kununua, utakaribishwa vizuri mno. Utatembezwa Norrsken, utafikishwa kLab, vituo vya kampuni changa za teknolojia, utaonyeshwa video za dakika mbili zenye muziki mkali na vikombe vya mashindano vilivyopangwa dirishani. Kunywa chai, pongeza, kisha anza kazi, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokueleza ubora wa studio.

Omba kwanza orodha ya majina: nani alichora, nani aliandika msimbo, nani alitunga kanuni za mchezo, na nani kati yao bado yupo. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa dola milioni 375 kuinunua Rare ya Uingereza, studio iliyopata sifa kubwa kwa GoldenEye 007 ya mwaka 1997. Lakini vigogo wa timu iliyotengeneza gemu hiyo walikwishaondoka na kuanzisha Free Radical Design mwaka 1999. Rare haikufa, na mwaka 2018 ilitoa Sea of Thieves iliyopendwa sana. Ila aliyetarajia GoldenEye nyingine alingoja bure.

Jambo la pili ni historia ya kufanya kazi pamoja. Sony ilipoinunua Insomniac mwaka 2019 kwa dola milioni 229, tayari ilikuwa imepokea kutoka kwao Spyro, Ratchet & Clank na Spider-Man, kazi ya miaka zaidi ya 20. Nintendo nayo ilikaa na Next Level Games ya Kanada kwa muda mrefu, ikapata Luigi's Mansion 3 mwaka 2019, ndipo mwaka 2021 ikainunua. Linganisha na Firewalk: Sony iliichukua Aprili 2023 kabla haijatoa gemu hata moja. Gemu yake ya kwanza, Concord, ilitoka Agosti 23, 2024, ikaondolewa sokoni Septemba 6, na Oktoba studio ikafungwa. Huyo ni mbuzi kwenye gunia, tena aliyenunuliwa na watu wanaojua mbuzi.

Sasa, studio ya Kigali haitakuwa na Spider-Man ya kukuonyesha. Wachezaji wengi wa ukanda huu wako kwenye simu, na hapo ndipo waundaji wetu wamejifunzia. Utaupimaje basi mkono wao? Mimi ningewaagiza igisoro, kazi ndogo ya kulipwa, kwenye simu. Mnyarwanda hahitaji kuelezwa: mashimo 32, mbegu 64, ndugu yake bao la Zanzibar na omweso wa Kampala.

Wakikuletea, usitazame rangi. Tazama mbegu zinavyosambazwa. Studio ya haraka haraka hubadilisha tarakimu tu: shimo lilikuwa na nne, sasa lina tano, basi. Mchezaji wa igisoro huufuata mkono wa mwenzake kwa macho, kwa hiyo mbegu zikiruka zote kwa mkupuo hajui zimeishia wapi. Zikienda polepole mno nako kuna tabu, maana mbegu ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu, unazizoa na kuendelea, na zamu moja inaweza kuuzunguka upande mzima. Mwenye jicho ataanza kwa mwendo wa mkono wa mtu, kisha ataongeza kasi kadiri zamu inavyorefuka. Sikiliza pia: mbegu ikigonga mbegu isilie kama iliyotua kwenye shimo tupu. Hapo utajua kama waliwahi kukaa ubaoni au walisoma tu kanuni.

Halafu mpigie mchezaji simu katikati ya zamu. Akikata, mchezo uko palepale? Ijaribu kwenye simu ya bei ya chini, ile iliyojaa picha na yenye betri inayosinzia. Mwisho muulize aliyetengeneza ni kitu gani alikipenda akakiondoa. Asiye na jibu bado hajakutana na sehemu ngumu ya kazi hii, ambayo ni kumaliza.

Kisha karatasi, ambazo wanunuzi huzipitia kwa uvivu. Studio nyingi za Afrika Mashariki zimejilipia kodi ya ofisi kwa kazi za kuagizwa: gemu ya kampeni ya afya, ya shule, ya tangazo la benki. Si aibu, wamekula na wamejifunza. Lakini soma mikataba ujue haki za wahusika wa gemu na za msimbo ni za nani. Ukikuta kila kilicho kizuri ni cha mteja, unachonunua ni viti, kompyuta na watu wanaoweza kuacha kazi kesho.

Tena usiitazame Kigali peke yake. Mwaka 2022 studio 10 za Afrika zilijiunga kuwa Pan Africa Gaming Group, zikiwemo Dopeapps ya Rwanda, Usiku Games ya Kenya na Khanga Rue ya Tanzania. Na Sony, Januari 2024, iliingia kwa mlango mwingine: mfuko wake wa uwekezaji uliweka fedha Carry1st ya Afrika Kusini bila kuimeza.

Ningekuwa natumwa mimi, nisingenunua studio yoyote ya hapa mwaka huu. Ningetoa mkataba wa gemu moja, malipo kwa hatua, haki za wahusika zibaki kwa waliowabuni, na kifungu kimoja kinachonipa nafasi ya kwanza siku watakapotaka kuuza. Nanyi vijana wa studio, mkiletewa mkataba usio na hiyo haki ya wahusika, msisaini kabla ya kuupeleka kwa wakili.