Upungufu wa Moja ya Sita: Jinsi Kasi ya Sauti Ilivyopimwa na Kukokotolewa

Sauti ni wimbi la mgandamizo, yaani mtikisiko unaopita katika hewa, maji au chuma kwa kuzisogeza chembe za kitu hicho mbele na nyuma, kwa kufuata mstari uleule ambao wimbi linasafiri, bila chembe zenyewe kuhama na kwenda nalo. Ngozi ya ngoma ikipigwa huisukuma hewa iliyo karibu nayo ikabanana, hewa hiyo nayo ikaisukuma iliyo mbele yake, na ngozi inaporudi nyuma hewa hutanuka na kupungua msongamano. Mfululizo huu wa kubanana na kutanuka ndio unaofika sikioni. Idadi ya mitikisiko katika sekunde moja huitwa masafa na hupimwa kwa hezi, ilhali umbali kati ya mbanano mmoja na ule unaoufuata huitwa urefu wa wimbi, na viwili hivyo vikizidishwa hutoa kasi. Kwa hiyo sauti ya hezi 340, katika hewa yenye joto la wastani, ina mawimbi yenye urefu wa takriban mita moja.

Kasi hiyo ilipimwa kabla haijaelezwa. Katika karne ya 17 Marin Mersenne wa Ufaransa aliitafuta kwa mwangwi na kwa milio ya bunduki, na Pierre Gassendi akaonyesha kwamba mlio wa mzinga na ule wa bunduki ndogo husafiri kwa kasi moja. Jambo hilo si dogo, kwani linatenganisha ukubwa wa sauti na mwendo wake: mlio mkubwa hufika na nguvu zaidi, lakini hautangulii. Namba zilizopatikana wakati huo, hata hivyo, zilitofautiana mno kiasi cha kutoweza kuihukumu nadharia yoyote.

Nadharia ya kwanza ya maana ililetwa na Isaac Newton katika kitabu chake cha *Principia* cha mwaka 1687. Hoja yake ilikuwa kwamba kasi ya wimbi hutokana na mvutano wa mambo mawili: mnyumbuko wa hewa, yaani ukaidi wake wa kurudia hali yake baada ya kubanwa, na densiti yake, yaani uzito uliomo katika ujazo fulani, ambao huichelewesha kusogea. Kwa kuwa Robert Boyle alikwisha kuonyesha kwamba hewa ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake kanieneo lake huongezeka mara mbili, Newton alihitimisha kwamba mnyumbuko wa hewa ni sawa na kanieneo lenyewe, na kwamba kasi ya sauti ni kipeuo cha pili cha kanieneo lililogawanywa kwa densiti. Kwa vipimo vya leo, kanieneo la paskali 101,325 likigawanywa kwa densiti ya kilo 1.293 kwa mita ya ujazo katika nyuzi sifuri za Selsiasi, kipeuo chake cha pili ni mita 280 hivi kwa sekunde, ilhali kasi halisi katika halijoto hiyo ni mita 331.

Katika toleo la kwanza Newton alipata futi 968 kwa sekunde, na hakuona tatizo, kwa sababu kipimo chake mwenyewe kilikuwa kipana mno kuweza kumkanusha. Alikuwa ametumia mwangwi wa ukumbi mrefu wa Trinity College, Cambridge, wenye futi 208, akiulinganisha muda wa sauti kwenda na kurudi na mbembeo wa pendulamu, yaani kitu kizito kilichoning’inizwa kwenye uzi, ambacho huenda upesi au polepole kadiri uzi ulivyo mfupi au mrefu. Safari hiyo ya sauti haifiki hata nusu sekunde. Mkono na sikio la binadamu vikichelewa kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde, zaidi ya nusu ya kipimo kizima inakuwa imepotea.

Dawa ya tatizo hilo ni umbali, na aliyeitumia vizuri kuliko wenzake wa wakati huo ni William Derham, kasisi wa Upminster katika jimbo la Essex. Akiwa juu ya mnara wa kanisa lake na darubini mkononi, alitazama mmweko wa mizinga iliyopigwa Blackheath, zaidi ya maili 12 kutoka hapo, kisha akahesabu muda hadi mlio ulipomfikia, muda uliokaribia dakika nzima. Mwanga huukata umbali huo kwa muda mdogo kiasi cha kutohitaji kuhesabiwa, na kosa la mkono linalomezwa na dakika nzima haliharibu kitu. Derham alirudia kazi hiyo katika hali tofauti za upepo, na mwaka 1709 matokeo yake yalijulikana: futi 1,142 kwa sekunde, yaani mita 348 hivi.

Toleo la pili la *Principia* lilitoka mwaka 1713, na humo Newton, baada ya kurekebisha densiti aliyoitumia, alipata futi 979. Ili aifikie namba ya Derham ilimbidi aiongeze yake kwa moja ya sita. Alianza kwa kudai kwamba chembe za hewa ni vitu vigumu ambavyo sauti huvipita papo hapo bila kutumia muda, na kwamba kipenyo cha chembe ni karibu moja ya tisa ya nafasi iliyo kati yake na jirani yake. Dai hilo lilimpa nyongeza ya futi 109, jumla ikawa 1,088. Kisha akadai kwamba katika kila sehemu 11 za hewa moja ni mvuke usioshiriki katika mtikisiko, na hivyo kasi inapaswa kuongezwa kwa uwiano wa 21 kwa 20. Futi 1,088 zikizidishwa kwa 21 na kugawanywa kwa 20 huleta 1,142 karibu kamili. Ukamilifu huo ndio unaoishtaki hesabu yenyewe, kwa sababu hakuna hata uwiano mmoja kati ya hizo mbili uliokuwa umepimwa na mtu yeyote. Zilichaguliwa namba zinazofika mahali palipokwisha kujulikana, na mtu aliyeijenga mekanika ya sayari alikuwa hapa anaziba ufa kwa udongo.

Ufa haukuzibika. Mwaka 1738 Chuo cha Sayansi cha Paris kilipiga mizinga usiku kati ya vilima vya Montmartre na Montlhéry, na namba iliyopatikana, takriban mita 337 kwa sekunde katika hewa ya baridi, iliacha pengo lilelile. Leonhard Euler na Joseph-Louis Lagrange waliipitia upya hesabu ya mawimbi kwa zana bora zaidi za hisabati na wakarudi kwenye fomula ileile ya Newton. Hapo ndipo palipokuwa na fundisho la kiufundi ambalo halikuonekana upesi: hisabati haikuwa na kosa, bali kosa lilikuwa katika kitu kilichoingizwa ndani yake.

Kitu hicho ni kanuni ya Boyle, ambayo ni kweli pale tu halijoto inapobaki ileile. Hewa inayobanwa ghafla hupata joto, kama anavyojua yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, na inapotanuka ghafla hupoa. Pierre-Simon Laplace aliona kwamba ndani ya wimbi la sauti kila mbanano hupata joto kidogo na kila mtanuko hupoa kidogo, na kwamba joto hilo huongeza kanieneo la mbanano kuliko Boyle anavyotarajia, hivyo hewa huwa kaidi zaidi na wimbi huenda kasi zaidi. Wazo hilo lilitajwa na mwanafunzi wake Jean-Baptiste Biot mwaka 1802, na Laplace mwenyewe alichapisha fomula mwaka 1816: jibu la Newton lizidishwe kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa kiasi cha joto kinachohitajika kuipasha hewa iliyoachwa itanuke na kile cha kuipasha hewa iliyofungiwa. Kwa hewa uwiano huo ni 1.4, kipeuo chake cha pili ni 1.183, na mita 280 zinageuka kuwa 331.

Vitabu vingi vya shule hueleza kwamba joto halipati nafasi ya kuhama kwa sababu mitikisiko ya sauti ni ya haraka mno. Maelezo hayo yanapotosha. Masafa yakipungua kwa nusu, muda wa mtikisiko huongezeka mara mbili, lakini umbali ambao joto linapaswa kusafiri kutoka mbanano hadi mtanuko nao huongezeka mara mbili, na muda ambao joto huhitaji kupenya hewa hukua kwa mraba wa umbali, yaani mara nne. Kwa hiyo sauti nzito ndiyo inayolifungia joto lake kwa uhakika zaidi, na fomula ya Newton ingekuwa sahihi tu kwenye masafa ya juu ajabu, mbali sana na mwisho wa usikivu wa binadamu ulio karibu na hezi 20,000.

Kipimo cha kuthibitisha kilifanyika usiku wa tarehe 21 na 22 Juni 1822, kati ya Villejuif na Montlhéry, umbali wa mita 18,613. François Arago, Gaspard de Prony na Claude-Louis Mathieu walikaa upande mmoja. Alexander von Humboldt, Joseph Louis Gay-Lussac na Alexis Bouvard walikaa upande wa pili. Mizinga ilipigwa kwa kupokezana kutoka pande zote mbili, ili upepo unaoiharakisha sauti ya upande huu uicheleweshe ya upande ule, na wastani uwe huru na athari yake. Mbinu hiyo haikufaulu kikamilifu, kwani milio ya Montlhéry ilisikika vizuri Villejuif lakini mingi ya Villejuif haikufika Montlhéry. Hata hivyo wastani wa sekunde 54.6, katika halijoto iliyokaribia nyuzi 16, ulitoa mita 340.9 kwa sekunde, na fomula ya Laplace, ikitumiwa pamoja na uwiano wa 1.4 unaokubalika leo, hutoa karibu namba hiyohiyo.

Baada ya hapo kazi iligeuzwa kichwa chini: badala ya uwiano wa joto kutumika kuitafuta kasi, kasi ilianza kutumika kuutafuta uwiano. August Kundt alibuni mwaka 1866 bomba la kioo lenye vumbi jepesi ndani, ambalo hujikusanya kwa vipindi sawa pale sauti inapovuma, hivyo urefu wa wimbi katika gesi yoyote ukaweza kupimwa kwa rula mezani. Uwiano nao hutegemea idadi ya atomu katika chembe ya gesi: chembe yenye atomu mbili, kama ya oksijeni, hutumia sehemu ya joto lake kuzunguka, na uwiano wake huwa 1.4, ilhali yenye atomu moja haina mzunguko wa namna hiyo, na uwiano wake hupanda hadi 1.67, kama Kundt na Emil Warburg walivyouona katika mvuke wa zebaki mwaka 1876. William Ramsay na Lord Rayleigh walipoitenga gesi ya agoni kutoka hewani katika miaka ya 1894 na 1895, hawakuwa na njia ya kawaida ya kikemia ya kuhesabu atomu zake, kwa sababu gesi hiyo ilikataa kuungana na kitu chochote. Waliipitisha sauti ndani yake, wakapata uwiano wa karibu 1.66, na hivyo ikajulikana kwamba kila chembe ya agoni ni atomu moja.