Wazabuni wawili, kiwanda kimoja

Machi 2011, siku chache baada ya tetemeko na tsunami kuipiga Japani, kampuni ya Ford ya Marekani iliwataka mawakala wake wasipokee tena oda za magari ya rangi nyeusi iitwayo Tuxedo Black. Baadhi ya rangi nyekundu nazo zikawekewa ukomo. Injini zilikuwepo, matairi yalikuwepo. Kilichoadimika ni Xirallic, unga wa kuipa rangi mng'aro, uliotengenezwa na kampuni ya Merck ya Ujerumani katika kiwanda kimoja tu duniani: Onahama, mkoani Fukushima.

Ford ilinunua rangi kwa watengenezaji wa rangi. Hao ndio walionunua unga. Kwenye daftari la manunuzi, Onahama isingeonekana. Ndiyo maana siamini sana ile kinga tunayofundishwa ya kuwa na wazabuni wawili kwa kila bidhaa. Wawili wakichota kisima kimoja, umenunua majina mawili na hatari ileile.

Toyota ililijua hilo kwa gharama kubwa. Ilidhani wagavi wake wamepangana kama piramidi, kwamba kila ukishuka ngazi wanaongezeka. Ilipochunguza ikakuta umbo la pipa: katikati pamefura, chini pamebana. Kampuni nyingi zisizohusiana zilitegemea chipu za kampuni ya Renesas, ambayo kiwanda chake cha Naka, mkoani Ibaraki, kilikuwa kimeharibika vibaya katika tetemeko hilohilo. Chipu ya gari hutengenezwa kwa kazi maalumu. Huwezi kuibadilisha kwa ya jirani kesho yake. Watengenezaji wa magari na kampuni nyingine wakapeleka watu kusaidia ukarabati, siku nyingine hadi 2,500, na uzalishaji ukaanza tena Juni.

Kisha Toyota ikafanya kazi ya kuchosha ambayo wengi huikwepa. Iliwauliza wagavi wa ngazi ya kwanza: nanyi mnanunua kwa nani, na kiwanda kiko wapi? Wapo waliogoma, na siwalaumu, kwa sababu anayejua unakonunua anaweza kukuruka. Hata hivyo taarifa zilikusanywa katika mfumo uitwao RESCUE, ambao baadaye ulifikia takriban maeneo 650,000 ya wagavi.

Ramani peke yake haizalishi gari. Kwa chipu, wagavi walitakiwa kuweka akiba ya miezi 2 hadi 6, kulingana na muda unaopita tangu oda itolewe hadi mzigo ufike. Hapo ndipo penye ufundi: akiba ilipimwa kwa urefu wa kusubiri, bei ya kifaa haikuwa kipimo. Na Toyota iliwarudishia wagavi sehemu ya punguzo la bei inalowadai kila mwaka, ili akiba hiyo isiwe mzigo wao peke yao.

Mapema 2021 chipu zilipoadimika duniani, washindani walisimamisha mitambo huku Toyota ikiendelea. Lakini akiba ina mwisho: Agosti mwaka huohuo, Uviko ilipobana viwanda vya Kusini-Mashariki mwa Asia, Toyota ilitangaza kupunguza uzalishaji wa Septemba kwa asilimia 40.

Afisa manunuzi, katika zabuni yako ijayo ya kifaa ambacho bila hicho kazi inasimama, dai jina la kiwanda na mji kilipo, si jina la muuzaji tu. Wazabuni wawili wakitaja mji mmoja, hesabu kwamba una mgavi mmoja.