Sungura Asiye na Banda

Kila jioni, bibi mmoja, fundi cherehani wa Tandale kwa Mtogole, akishafunika cherehani yake hupiga magoti na kuanza kuokota nyuzi. Hupapasa sakafu kwa kiganja, kona kwa kona, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, mpaka aridhike. Chumbani mwake anaishi Madoa, sungura dume mwenye rangi ya maziwa na kahawia, na Madoa hana banda wala tenga. Huzunguka atakavyo na kutafuna akionacho. Sungura ameumbwa bila uwezo wa kutapika: uzi ukishapita kooni umepita, na unaweza kumziba utumbo.

Majirani wanamwona bibi na sungura wake. Kazi yenyewe hawaioni.

Nyumba ni ya Kiswahili, ya kupanga: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Nyaya za luninga na sabufa zimepitishwa ndani ya vipande vya bomba la plastiki, kwa kuwa meno ya sungura hukua maisha yake yote, na hayabagui kati ya mzizi na waya wa umeme. Nyuma ya mlango kuna beseni la maranda yaliyotoka kwa seremala, na juu yake limening'inizwa fungu la majani. Sungura hupenda kujisaidia huku anakula. Anayelijua hilo hapati taabu kumzoesha choo. Majani yenyewe hayachumwi kando ya Mto Ng'ombe, unaobeba uchafu wa mitaa na kuumwaga majumbani ukifurika. Hutafutwa mbali zaidi, huoshwa, huanikwa kivulini. Soko la Tandale nalo lina majani ya karoti ambayo wachuuzi huyatupa. Karoti, kwa kuwa ina sukari nyingi, Madoa huionja kipande kidogo tu, tena si kila siku.

Asubuhi, kabla ya chai, bibi hutazama beseni. Punje za kinyesi zikiwa kubwa na nyingi, siku imeanza vyema. Zikipungua, nguo za wateja husubiri, maana sungura aliyekaa nusu siku bila kula ni mgonjwa wa dharura. Kuna kinyesi kingine, laini na chenye kung'aa, ambacho mnyama hukila mwenyewe kinapotoka tu, ili apate virutubisho vilivyompita mara ya kwanza. Wapo watu wanaowachapa sungura wao kwa “uchafu” huo, kumbe wanawachapa kwa kula.

Lakini kitu cha thamani kuliko vyote chumbani humo ni mkeka. Unaanzia kitandani na kufika mlangoni, ni wa ukindu usiotiwa rangi, na pindo zake zimeshonwa upya mara nyingi kwa vitambaa vilivyobaki kazini. Wayo wa sungura hauna nyama ngumu kama ule wa paka, umefunikwa manyoya. Kwenye saruji iliyosuguliwa huteleza, miguu ikaachana, na akishateleza mara kadhaa huogopa, akajibanza kona moja siku nzima. Watu husema ni mpole. Juu ya mkeka, huyo huyo mpole hukimbia, huruka na kujipinda hewani, kichwa huku na miguu kule, kisha hujitupa ubavu kwa raha hata mgeni akadhani amekufa. Madoa hutafuna pindo za mkeka, na bibi humwachia. Ukindu ni jani. Mkeka wa plastiki, uliojaa sasa katika kila duka la Manzese na Tandika, ukitafunwa unaweza kumziba utumbo. Zamani mwanamke wa pwani alisuka ukili jioni akizungumza, akaunganisha ukili mmoja baada ya mwingine hadi mkeka ukatimia. Wanaosuka bado wapo Unguja, Pemba na Mafia, lakini mijini wanunuzi wanazidi kupungua.

Jambo hili la sakafu mwingine aliligundua mbali sana na Tandale. William Cowper, mshairi wa Uingereza aliyekuwa akiugua huzuni nzito, alipewa sungura mwitu watatu mwaka 1774 katika mji wa Olney. Akawaita Puss, Tiney na Bess, na ingawa baadhi ya majina hayo ni ya kike, wote walikuwa madume, akawajengea nyumba za kulala kwa mikono yake. Baada ya chakula cha jioni aliwaingiza sebuleni, ambako zulia liliwapa miguu yao mahali pa kushika, nao wakaruka na kucheza. Mwaka 1784 alieleza habari zao katika jarida la Gentleman's Magazine, tabia ya kila mmoja peke yake, kwa makini ambayo watu wengi hawawapi hata ndugu zao. Puss aliishi karibu miaka kumi na miwili.

Sungura wa kufugwa kama Madoa asili yake ni Hispania na Ureno, akaletwa Afrika Mashariki na wageni. Yule wa hadithi zetu ni wa mwituni, mwenyeji hasa. Katika masimulizi ya Zanzibar yaliyochapishwa na George Bateman huko Chicago mwaka 1901, simba anajificha ndani ya nyumba ya sungura ili amkamate. Sungura anafika, anahisi jambo, anaisalimu nyumba yake kwa sauti, kisha anashangaa mbona leo haiitikii. Simba anaitikia. Sungura huyo mbio. Aliyetunga kisa hicho alikuwa amemtazama mnyama vizuri. Bibi akisogeza kiti tu, Madoa hukizunguka, hukinusa, hukisugua kwa kidevu kukiachia harufu yake, ndipo atulie. Nyumba yake anaijua.

Hana sauti ya kuombea msaada, isipokuwa ukelele wa hofu kuu. Mengine husemwa na mwili. Akisaga meno taratibu huku anasuguliwa paji la uso, ameridhika; akiyakereza kwa nguvu huku amejikunyata, ana maumivu. Usiku wa vigodoro, spika zinapotikisa mabati, hupiga sakafu kwa mguu wa nyuma, pu, pu, na bibi huamka, hufunga dirisha, hukaa naye sakafuni. Mwezi wa Februari, umeme ukikatika na feni ikasimama, humlaza karibu na chupa ya maji baridi iliyofungwa kwa kipande cha khanga na kumlowesha masikio. Sungura hatoi jasho. Joto lake hutokea kwenye masikio hayo membamba yenye mishipa mingi ya damu.

Masikio hayo ndiyo ambayo mtoto wa jirani aliyakamata siku moja ili amnyanyue.

“Mjukuu wangu, masikio si mpini,” bibi akamwambia. “Weka mkono huu chini ya kifua. Huu chini ya makalio. Haya, sasa simama.”

Mtoto akasimama. Mifupa ya sungura ni myepesi mno kwa nguvu ya misuli yake. Akining'inizwa vibaya akarusha teke, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ni jambo jema. Ila hakuna kifungu kinachoweza kumpangia mtoto mikono yake hivyo. Zamani mafunzo hayo yalitolewa uani, na wazee waliokuwa na muda, mbele ya kuku, bata na mbuzi. Siku hizi sungura hununuliwa kwa ajili ya sikukuu, hubebwa ndani ya boksi, hulishwa mkate na kabichi, na akifa baada ya wiki chache watu husema kwamba sungura hawaishi. Wanaishi. Akitunzwa, miaka minane, kumi, hata zaidi.

Na nyua zenyewe zinakwisha. Nyumba za ukumbi zinauzwa, kuta zinaangushwa, zinapanda ghorofa zenye vyumba vya kujitegemea. Mwenye nyumba ameshawaambia wapangaji wake wajiandae. Bibi amekwenda kwa dalali, na kabla ya kuuliza kodi ameuliza sakafu ni ya nini.

“Marumaru tupu, bibi,” dalali akamjibu. “Mpaka jikoni.”